Nilichokiomba kwa Gichiaro

Mara ya kwanza nilipofika kwa mama mmoja, nje kidogo ya soko la Laare, nilikaa dakika kumi na kutazama saa mara nne. Najua ni mara nne kwa sababu yeye alihesabu, na miezi mingi baadaye akanikumbusha. Ndivyo nilivyo. Nikiwa nyumba ya kwanza, roho iko nyumba ya pili. Nikifika ya pili, nawaza ripoti. Nyanya yangu wa Kianjokoma alipenda kuwaambia watu kwamba nilizaliwa njiani, mama akikimbilia sokoni. Nilizaliwa hospitalini kama watu wengine, lakini hakuna aliyejisumbua kumpinga.

Kazi yangu ni kuwatembelea watu wazima wenye ulemavu wa akili, na wale wanaougua akili, na mara nyingi mtu mmoja amebeba mizigo yote miwili. Ofisi iko Meru mjini. Nazunguka nyumba kwa nyumba, naongea na familia, nahakikisha dawa zipo na zinamezwa, na kila Alhamisi tunakuwa na kikundi katika ukumbi wa kanisa pale Laare. Wanakuja wanane au tisa, wanafanya kazi za mikono, wanakunywa chai, wanaonekana na watu. Hilo la kuonekana ndilo kubwa kuliko yote, ila ukiliandika kwenye ripoti linaonekana dogo.

Mwana wa yule mama hakuwa akionekana. Alikuwa na miaka kama thelathini, mrefu, mabega mapana, maneno yake hayakuzidi ishirini, yote ya Kimeru. Tangu utotoni alikuwa mzito wa kujifunza. Alipopita miaka ishirini akaanza kusikia sauti, na ziko wiki ambazo halali, anazunguka tu chumbani akijibishana nazo. Chumba chenyewe kilijengwa kando ya jikoni, mlango wa mbao, kufuli kwa nje, na dirisha lisilo na kioo, kubwa kama sinia. Mama alifunga asubuhi akienda kuchuma miraa, akafungua akirudi jioni, wakala pamoja jikoni. Na shambani alikwenda kila siku, hata Jumapili baada ya ibada.

Ningependa kusema nilikuta uchafu, maana uchafu ungenirahisishia hasira. Nilikuta chumba kilichofagiliwa, kitanda kilichotandikwa, redio, na chupa ya chai iliyofungwa kwa kitambaa isipoe. Nilikasirika hivyo hivyo.

Mama alinieleza sababu siku ile ile ya kwanza, na hakuificha wala kuipamba. Mwanawe akiwa na miaka kumi na tisa aliingia sokoni peke yake, akaona sahani ya githeri mezani kwa mtu, akaichukua akala. Mtu akaita mwizi. Alirudishwa nyumbani juu ya mkokoteni, na kovu la siku hiyo bado lilikuwa limepita katikati ya nywele zake. Kesho yake mama alinunua kufuli.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na nilijikumbusha hivyo ili ninyamaze. Kisha sikunyamaza. Nilimweleza mambo ya haki za binadamu, nikamweleza sheria, nikamweleza kuhusu kikundi cha Alhamisi. Alinisikiliza vizuri, akaniongezea chai, akasema hapana. Mara ya pili, chai, hapana. Mara ya tatu alinifungia na ndizi mbivu za kupeleka nyumbani, akasema hapana. Nilirudi Meru nikizila kwa ghadhabu.

Mara ya nne ndipo aliponiuliza mimi ni wa wapi hasa. Alikuwa ananiita daktari, ingawa nilishamwambia mimi si daktari, na alisema Kimeru changu kinamchanganya, kina kitu cha Embu ndani yake. Nikamweleza kwamba baba ni Mmeru wa Imenti aliyepelekwa kufundisha Kianjokoma kule Embu, akaoa huko na akabaki huko, na kwamba Kimeru nimejifunza kwake na Kiembu kwa mama. Akauliza ukoo wa baba. Nikautaja.

Mama aliweka kikombe chini. Aliinuka, akachukua kiti alichokuwa amekalia yeye, kile chenye mgongo, akakipangusa kwa leso yake, akaniwekea. Kile kigoda nilichokuwa nimekalia akakisukuma kando kwa mguu. Hakuniita daktari tena. Aliniita mwanetu.

Nilielewa nusu. Kwetu Kianjokoma gichiaro lilikuwa neno la baba tu, la kusimuliwa baada ya chakula. Kuna koo za Wameru zilizofungwa na koo nyingine kwa undugu wa kiapo, kiapo cha mababu ambao hakuna aliye hai aliyewaona. Mtu wa gichiaro chako humdanganyi. Humwumizi. Akikuomba kitu, hata kama ni ng'ombe wa mwisho zizini, unampa, na ukimnyima, balaa inahamia kwako na kwa watoto wako. Makanisani wanasema hayo yamepitwa na wakati, na mzee wa kanisa anayekuambia hivyo ndiye wa kwanza kukuachia kiti akisikia ukoo wako.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo, na nimejaribu kuisimulia kwa namna nyingine, haikubali. Sikukiogopa kitu hicho kama alivyokiogopa yeye. Nilikiona kama njia ya mkato. Nilikuwa na miezi minne ya hapana, ofisini wananiuliza huyu wa Laare amefikia wapi, na mbele yangu amekaa mtu ambaye hawezi kuninyima. Nikasema kwa Kimeru, polepole nisikosee, kwamba kwa gichiaro kilicho kati ya ukoo wake na wa baba yangu, namwomba afungue ule mlango na amwachie mwanawe aje Alhamisi.

Nilitegemea aniambie atafikiria. Aliinuka papo hapo, akatoa ufunguo kifuani, akaenda akafungua. Kufuli likamponyoka, likamwangukia mguuni. Kijana alisimama mlangoni. Akatoa mkono mmoja juani, akautazama, akaurudisha ndani. Baadaye akatoka.

Nilirudi Meru naimba. Kweli kabisa, niliimba njia nzima.

Kazi yetu ina utaratibu wake, na mimi ndiye huwafundisha wageni ofisini utaratibu huo. Kabla ya mlango kuna majirani. Unakwenda kwa wenye maduka, kwa watu wa boda boda pale stendi, kwa akina mama wa mboga, unawaambia: kuna mtu fulani, anatembea hivi, anaogopa hiki, ukimwona peke yake piga simu namba hii. Unampeleka kliniki dawa ziangaliwe upya. Unaanza kumtoa nusu saa, na mama yake akiwa naye, mara mbili kwa wiki. Shughuli hiyo huchukua miezi miwili, mitatu. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka, na mtu mwenye haraka akikuta mlango wazi haulizi. Niliruka yote.

Alhamisi ya kwanza alikaa karibu na mlango wa ukumbi akiwa amekunja mikono kwapani. Alhamisi ya pili nilimpa kamba yenye mafundo, zoezi tunalowapa kuzoesha vidole, na jamani, alikuwa hodari. Fundo ambalo mimi hulifungua kwa meno alilifungua kwa vidole viwili. Tulimpigia makofi. Alitazama huku na huku kuona ni nani anayepigiwa, alipojua ni yeye akachukua kamba nyingine. Kila fundo, makofi. Mama yake alikuwa amekaa nyuma na leso mdomoni, na nilijiambia, unaona, ungesubiri nini?

Alhamisi ya tatu nilimwambia mama aende tu shambani, nitamwangalia mimi. Saa nne na nusu ofisi ilinipigia simu kuhusu ripoti ya mwezi. Nilitoka nje ya ukumbi ili nisikie vizuri. Niliporudi kiti chake kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi.

Nilimtafuta kwa muda wa karibu saa mbili. Nilikimbia hadi stendi, nikakimbia hadi barabara ya Maua, nikarudi. Niliuliza kila mtu, na kila mtu aliniuliza swali moja, huyo unayemtafuta anafanana vipi, ni nani wenu? Hawakumjua. Alizaliwa mwendo wa dakika ishirini kutoka pale na hakuna aliyemjua. Nilianza kujibu vibaya. Mwenye boda boda mmoja alitaka nielewane naye nauli kwanza, nikamtukana neno ambalo sitaliandika, na akanibeba hivyo hivyo.

Tulimkuta kijana katika banda moja wanalofungia miraa. Anayejua Laare anajua saa zile zilivyo. Miraa haingoji. Vibunda vinafungwa, vinafunikwa kwa majani ya mgomba visikauke, gari linanguruma nje na dereva anapiga honi, na kila anayefunga ana roho juu. Kijana alikuwa ameingia kwa nyuma, akakaa juu ya rundo la majani ya mgomba, akavuta gunia la vibunda vilivyokwisha kufungwa, akaanza kuvifungua kimoja kimoja. Wanasema kila akifungua kimoja alikuwa anainua macho na kuwatazama, anangoja. Wao hawakujua anangoja nini. Mimi nilijua.

Walikuwa wamempiga tayari nilipofika. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka, sikio moja limevimba, na alikuwa ameketi vile vile juu ya majani ameshika kibunda. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mmoja wao, mwanamume wa makamo ambaye fimbo ilikuwa bado mkononi mwake, alinisubiri nimalize, kisha akasema bila ubaya wowote.

"Madam, hakuna mtu alituambia."

Nilimshika kijana mkono, nikamwinua.

Zahanati walimshona mdomo. Mama aliitwa kutoka shambani, akaja na vumbi la shamba miguuni. Tulimrudisha nyumbani tukiwa tumemweka katikati. Mama alimwosha uso, akamvua shati lenye damu, akamwingiza chumbani, akamlaza. Kisha akatoka, akarudisha mlango taratibu, akaokota kufuli lililokuwa limekaa dirishani wiki tatu, akaja akasimama mbele yangu.

"Mwanetu," alisema, "uliniomba na gichiaro nikafungua. Sikuwa nimetaka. Sasa ni mimi nakuomba, na hiyo hiyo. Funga wewe."

Alinipa kufuli na ufunguo, vyote viwili, kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni chakula.

Nilisogea hadi kwenye ua wa michongoma nikampigia baba simu Kianjokoma. Nilimweleza haraka haraka, maneno yakigongana. Nilitaka aniambie kwamba hayo ni mambo ya kizamani, kwamba yeye ni mwalimu mstaafu na mimi nina shahada, kwamba ipo njia. Baba aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Mami, uliomba ukapewa. Na wewe ukiombwa, unapeana. Hauwezi kataa."

Mtu ataniambia ningekataa tu. Sheria iko wazi, kazi yangu iko wazi, na mimi si mtu wa kuamini balaa. Nimejiambia hayo mara nyingi tangu siku ile. Lakini nilikuwa nimemlazimisha mwanamke yule kwa kitu alichokiogopa kuliko kifo cha mtoto wake, na sasa nilitaka kitu hicho kiwe cha kweli kwake na mchezo kwangu. Nilirudi mlangoni. Kufuli lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Lilipolia, kijana akasema kitu kule ndani, na kwa sababu ya nyuzi za mdomoni nilikisikia mara ya pili ndipo nikakielewa. Alisema asante. Kwenye kikundi tulikuwa tumemfundisha, mtu akikufanyia jambo, useme asante.

Nilimpa mama ufunguo nikaondoka. Nilitembea hadi sokoni nikapita sokoni, sikujua ninakwenda wapi, nikalia mbele ya watu wa miraa na sikujali.

Wiki iliyofuata nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilikwenda stendi. Nilikwenda kwa akina mama wa mboga. Nilikwenda kwenye lile banda, na yule mwenye fimbo ndiye niliyeanza naye, ingawa nilitamani kumtafuna. Wengine walicheka. Mmoja alisema mtu kama huyo afungiwe tu. Yule wa fimbo aliuliza kama anaweza kushika kazi ya kupanga majani ya mgomba, nikamwambia sijui, nikamwambia asiniulize bado, nimechoka kujibu mambo kwa niaba ya watu. Nilirudi wiki ya pili, na ya tatu, na ya tano. Ripoti zilichelewa. Ofisini walinisema, nikasemeka.

Kwa mama nilichelewa kwenda kwa woga. Nilipokwenda, alinipa kile kiti chenye mgongo, nikakataa, nikatafuta kigoda mwenyewe. Nilimwomba msamaha. Alisema msamaha aliutoa zamani, ila ana neno moja.

"Usiniombe tena na hiyo," alisema. "Niulize tu hivi, ndio niweze kukataa."

Nikamwambia sawa. Tukanywa chai. Ndipo nikamuuliza, hivi tu, kama siku moja angekubali mwanawe atoke tena, nikiwa nimeshaongea na watu, na yeye mwenyewe akiwa karibu. Alifikiri kwa muda mrefu, na mimi nikajikaza nisitazame saa. Akasema yeye hajui. Akasema, kwanza, mbona hatujawahi kumuuliza kijana mwenyewe?

Tulitazamana. Miezi yote ile nilibishana na mama, na mama akabishana na mimi, na baba akatoa hukumu yake kutoka Kianjokoma. Miaka kumi na moja ya kufuli kabla yangu, na wiki tatu za makofi, na hakuna aliyewahi kwenda dirishani na kuuliza. Mama alicheka kidogo, kicheko kibaya, akajifuta macho.

Tulikwenda. Nikamuuliza kwa Kimeru, kwa maneno machache, kama anataka kutoka. Alinitazama, akatazama mama yake, akafikiri. Akasema hapana.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hapana ya mama. Kwa ya huyu sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Mama aliniambia kwamba tangu siku ile hata jioni anapofunguliwa hataki kuvuka kizingiti. Sahani yake anapelekewa kitandani, na mlango anauvuta mwenyewe ufungike. Hofu hiyo ilikuwa kazi ya mikono yangu kama ilivyokuwa ya yule mwenye fimbo. Nilitaka kusema mengi, nilitaka kumbembeleza, nilitaka kumwahidi chai na kamba na makofi. Nikamwambia tu kwamba nimesikia, na nitakuja kumuuliza tena Alhamisi.

Nimeuliza Alhamisi nyingi. Nauliza kabla ya kwenda ukumbini, nikisimama nje ya lile dirisha, na kusubiri jibu ndiko kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, maana yeye hana haraka. Zipo siku jibu linachukua muda hata chai ndani ya kikombe changu inashika utando. Hapana. Wiki nyingine, hapana. Kuna wiki alikuwa na sauti zake, hakujua hata nilipo. Kliniki wakabadilisha dawa, akaanza kulala. Hapana. Mama akasema labda niache, nikasema nitaacha kijana mwenyewe akiniambia niache, na nikamuuliza hilo pia. Hilo halikujibiwa.

Alhamisi iliyopita nilifika mama akiwa amerudi mapema kutoka shambani, bado ana kikapu mgongoni. Nikamuuliza kijana. Hakusema hapana. Aliondoka dirishani, nikamsikia akiinama na kuvuta kitu chini ya kitanda, nikadhani amechoka nami. Akarudi. Akapitisha kiatu dirishani, akakiweka mikononi mwangu. Kisha akapitisha cha pili. Nilisimama pale nimevishika, vumbi la viatu likinichafua mikono, na nyuma yangu nikamsikia mama yake akitua kikapu, akipapasa kifuani kutafuta ufunguo.